Presha ya Turbo Inapopita Kiasi: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Gari la turbo ambalo leo linavuta kuliko jana, ilhali hakuna aliyelipia nguvu hiyo, linapaswa kumtia mwenyewe wasiwasi kabla ya kumtia furaha. Presha iliyozidi kwa bahati mbaya huja hivyo hivyo: mpira mwembamba umechomoka wakati wa sevisi, ekzosi imebadilishwa, au skrubu ya kuongezea presha imezungushwa na mtu aliyekuwa na haraka, na kwa siku chache dereva anaamini kwamba gari limepona. Mwongozo huu unafuata dalili hizo hadi kwenye chanzo chake. Mfano ninaoutumia ni Subaru za injini ya EJ20 yenye turbo, yaani Forester SG5, Impreza GDA na Legacy BP5, kwa sababu zimejaa kwenye barabara za Kenya na ndizo ninazozifungua mara nyingi, ingawa utaratibu wenyewe unafaa kwa karibu gari lolote la petroli lenye turbo moja.

Jambo moja litangulie. Anayetafuta tatizo hili asilijaribu gari kwa kukanyaga mafuta hadi chini ili aone kitakachotokea, kwa maana pistoni inaweza kuvunjika katika mkanyago mmoja wa sekunde chache, na hapo swali la chanzo linakuwa halina haraka tena. Ukaguzi uanze gari likiwa limezimwa na kupoa. Jaribio la barabarani lije baadaye, katika gia ya tatu, kwa kukanyaga kidogo kidogo, huku mtu wa pili akiitazama geji.

Nani anayeizuia presha

Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la turbo, na gurudumu hilo, kupitia shafti, huzungusha jingine linalosukuma hewa kuelekea kwenye injini. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezeka. Petroli ikiongezeka, moshi unaongezeka. Na mzunguko huo ungeendelea hadi kitu kipasuke kama kusingekuwa na westigeti, ambayo ni kimlango kidogo cha chuma kinachopitisha sehemu ya moshi kando ya gurudumu. Kimlango hicho hufunguliwa na ufito uliofungwa kwenye aktueta, yaani kile kikopo cha duara kilicho ubavuni mwa turbo, ambacho ndani yake mna kiwambo na springi. Hewa ya turbo huingia kwenye kikopo kwa mpira mwembamba, inaishinda nguvu springi, ufito unasukumwa, na westigeti inafunguka.

Kompyuta ya gari inapotaka presha iwe juu kuliko uwezo wa springi hiyo, hutumia solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme, ambayo humwaga sehemu ya hewa inayoelekea kwenye aktueta na kuirudisha kwenye paipu ya kuingizia hewa. Aktueta inapata hewa kidogo, inadhani presha bado ni ndogo, na inachelewa kufungua. Msomaji akilishika hilo moja, sehemu kubwa ya utafutaji itamwia rahisi: chochote kinachoizuia hewa isiifikie aktueta kinapandisha presha. Mpira uliochomoka, uliopasuka, uliojikunja au ulioziba huleta matokeo yale yale, yaani westigeti inabaki imefungwa na turbo inasukuma bila breki.

Kwanza hakikisha geji inasema kweli

Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshauriwa aweke presha ya 14, naye akazungusha kifaa chake cha mkono cha kuongezea presha hadi geji ikasoma 1.4, akiwa ameridhika kabisa kwamba nukta ni mapambo tu. Mshauri alikuwa akizungumzia psi (pauni kwa inchi ya mraba), na geji ilikuwa ya Kijapani iliyoandikwa x100 kPa. Bar moja ni kPa 100, ambazo ni takriban psi 14.5, kwa hiyo 1.4 kwenye geji ile ilikuwa psi 20 na ushei, kiasi ambacho injini ile na pampu yake ya kiwandani havikukusudiwa kukibeba. Geji za zamani zilizoandikwa kg/cm² zinakaribiana sana na bar, kwa kuwa 1 kg/cm² ni bar 0.98, hivyo hapo hakuna hatari kubwa ya kuchanganya. Hatari iko kati ya bar na psi. Subaru hizi zikiwa kama zilivyotoka kiwandani hukaa jirani na bar 0.8 hadi 1.0 kutegemea modeli, na anayeona sindano ikipita hapo bila yeye kubadilisha chochote ana haki ya kuegesha.

Geji yenyewe pia huweza kuwa chanzo. Waliofunga geji ya ziada huunganisha mpira wake kwa kiungo cha njia tatu, na nimekuta kiungo hicho kimewekwa kwenye mpira wa aktueta badala ya kwenye manifoldi (paipu inayozigawia silinda hewa), kwa sababu tu ndio uliokuwa karibu na mkono. Kiungo kikivuja, aktueta inakosa hewa na presha inapanda, na geji nayo, ikiwa inasoma kwenye mpira huo huo unaovuja, inaonyesha pungufu ya kilichopo kwenye injini. Katika magari ambayo sensa ya presha ya kompyuta imeunganishwa kwa mpira badala ya kufungwa juu ya manifoldi, ufa kwenye mpira huo huleta kosa linalofanana na hilo, kwa kuwa kompyuta inaona presha haijatosha na inaendelea kuiongeza. Kwa hiyo kabla ya kulaumu turbo, linganisha geji na namba inayosomwa na mashine ya kupimia kupitia soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya kompyuta inapaswa kusoma presha ya hewa ya mahali ulipo, yaani takriban kPa 101 Mombasa na kPa 82 hivi Nairobi. Ikisoma tofauti sana, anza na sensa.

Jinsi sindano inavyopanda

Mtu akiniambia presha imezidi, huwa namuuliza sindano ilipandaje, kwa kuwa kuna njia tatu za kuzidi na kila moja ina ukoo wake wa sababu.

Ya kwanza ni sindano inayopanda moja kwa moja, haraka, bila dalili ya kutaka kusimama, hadi dereva aondoe mguu au kompyuta ikate petroli. Hapa westigeti haifunguki kabisa. Fungua boneti, toa intakula (kipoozea hewa ya turbo) iliyo juu ya injini, na utazame upande wa kulia nyuma, ilipo turbo. Fuata mpira unaotoka kwenye chuchu ya turbo hadi kwenye aktueta, halafu tawi lake linaloelekea kwenye solenoidi iliyo karibu na mnara wa shokomzoba. Usiutazame tu, uchomoe na kuukunja. Mpira uliokaa miaka 15 juu ya turbo huonekana mzima ukiwa umelala, ukiukunja unaachia ufa mwembamba mweusi kama mkato wa wembe, na ufa huo hufunguka tu presha inapoingia, ndiyo maana fundi aliyeukagua kwa macho alikuambia hauna neno. Angalia pia kama klipu zimerudishwa, maana presha hii hupanda mara nyingi siku moja baada ya intakula kutolewa kwa kazi nyingine kabisa.

Ndani ya mpira huo mna kitu ambacho wengi hawajui kuwa kipo: kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, kinachopunguza hewa inayotoka turbo kabla haijafika kwenye kiungo cha aktueta na solenoidi. Tundu hilo likizibwa na mafuta yaliyochanganyika na vumbi, aktueta inakosa hewa na presha inapanda bila mpira wowote kupasuka. Kinyume chake, mtu akibadilisha mipira na kukitupa kipande hicho pamoja na ule wa zamani, presha inakuwa ndogo kuliko inavyotakiwa, na hapo ndipo baadhi ya watu hukimbilia kukaza ufito wa aktueta ili kufidia, kisha siku kipande kinaporudishwa wanashangaa presha imeruka. Kabla ya kutupa mpira wa zamani, upulize na uukamue kwa vidole kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Ukihisi kigumu katikati, kihamishie kwenye mpira mpya.

Mipira ikiwa mizima, jaribu aktueta yenyewe. Tumia pampu ya mkono yenye geji, ingiza hewa polepole kwenye chuchu yake na uutazame ufito. Katika turbo ndogo za kiwandani ufito huanza kusogea karibu na bar 0.5, na hakuna sababu ya kupita bar 1 katika jaribio hili, kwani kiwambo kinaweza kuchanika. Ufito usiposogea na presha ikashuka yenyewe kwenye pampu, kiwambo kimetoboka. Presha ikikaa lakini ufito usisogee, westigeti imeganda kwa kutu, au ekseli yake ndogo imepinda. Ukisogea vizuri, rudi kwenye solenoidi: chomoa plagi yake ya umeme, funga kila kitu, kisha ufanye jaribio la barabarani kwa upole. Solenoidi ya kiwandani isiyo na umeme inafunga njia ya kumwagia hewa, hivyo presha inapaswa kubaki ile ya springi peke yake. Ikiwa bado inapanda kama kawaida, solenoidi imekwama ikiwa wazi, au mipira yake imepachikwa kinyume. Misimbo ya hitilafu ya P0243 hadi P0246 inahusu solenoidi hii na nyaya zake, na P0234 inasema tu kwamba presha imezidi bila kumtaja mkosaji.

Njia ya pili ni sindano inayofika mahali pake, ikatulia, kisha ikaanza kupanda taratibu kadiri mizunguko ya injini inavyoongezeka, kwa mfano bar 0.9 kwenye mizunguko 3,500 na bar 1.2 kwenye 6,000. Hapa westigeti inafunguka barabara, ila tundu lake ni dogo kwa kiasi cha moshi unaopita. Sababu karibu daima ni ekzosi kubwa iliyofungwa baadaye: moshi unapata njia nyepesi baada ya turbo, unapita kwa kasi zaidi kwenye gurudumu, na westigeti iliyopimwa kwa ekzosi ya kiwandani inazidiwa. Kipimo chake ni kile kile cha kuchomoa solenoidi. Presha ikiendelea kupanda juu ya ile ya springi hata solenoidi ikiwa haina umeme, hakuna mpira wala kompyuta ya kulaumiwa. Dawa ni kupanua tundu la westigeti kwa kazi ya mashine, au kurudisha ekzosi yenye kizuizi zaidi. Wateja hawaipendi dawa ya pili, nami siwalaumu, lakini kati ya sauti nzuri na pistoni ningechagua pistoni. Dalili hii huzidi usiku na wakati wa baridi, hewa inapokuwa nzito, kwa hiyo gari lililopimwa saa nane mchana likaonekana sawa linaweza kukata petroli saa nne usiku huko Limuru.

Ya tatu ni sindano inayoruka juu kwa nusu sekunde halafu ikarudi mahali pake. Mara nyingi huletwa na kifaa cha mkono cha kuongezea presha kilichowekwa mbali na turbo kwa mpira mrefu, ambapo hewa inachelewa kufika kwenye aktueta. Fupisha mpira na usogeze kifaa. Ufito uliokazwa kupita kiasi au kiungo chake kilicholegea pia huleta mruko huo.

Gari linapokata kama limegonga ukuta

Dereva wengi huja na dalili hii bila kuwa na geji. Wanasema walikuwa wakipita lori, gari likavuta kwa nguvu, halafu likakata ghafla hata vichwa vikatupwa mbele, na walipoachia mafuta likarudi kama hakuna kilichotokea. Huo ndio ukataji wa petroli. Kompyuta imeona presha imepita mpaka wake na imefunga injekta zote (vinyunyizi vya petroli) kwa makusudi ili kuiokoa injini.

Ukataji huo uutofautishe na plagi zinazozidiwa. Presha ikiwa juu, cheche hupata shida kuruka, na gari hukata-kata kwa vishindo vidogo vingi, pengine na milio ya kupasuka kwenye ekzosi. Ukataji wa petroli ni mmoja, mkali na safi. Plagi zinazozidiwa hutatuliwa kwa plagi mpya zenye uwazi mdogo kidogo na koili nzima. Kuzibadilisha kwa sababu ya ukataji wa petroli ni kupoteza fedha na kuacha chanzo palepale.

Kuna vifaa vinavyouzwa vya kuidanganya kompyuta, ambavyo huzuia volti za sensa ya presha zisipande zaidi ya kiwango fulani ili petroli isikatwe. Kukifunga kimoja kwenye gari ambalo presha yake imezidi bila kujulikana kwa nini ni sawa na kukata waya wa king'ora kwa sababu kinapigia moto kelele. Kompyuta ikishadanganywa hutoa petroli na kupanga cheche kwa presha ambayo si ya kweli.

Kwa nini gari lilikuwa sawa Nairobi likaleta shida Mombasa

Springi ya aktueta na kifaa cha mkono cha presha hupima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Injini yenyewe inahisi presha kamili. Gari lililowekwa bar 0.9 Nairobi, ambako hewa ya nje ni takriban bar 0.82, linapata jumla ya bar 1.72. Likishuka hadi pwani na geji ikasoma bar 0.9 ile ile, jumla ni bar 1.91. Geji haikubadilika hata chembe, na injini imebeba karibu bar 0.2 zaidi, katika joto la Mombasa, pengine gari likiwa limejaa abiria na mizigo. Kompyuta ya kiwandani hupima hewa ya nje na kujirekebisha. Skrubu ya mkono haina habari. Kwa hiyo anayesafiri kutoka nyanda za juu kuelekea pwani na kifaa cha mkono akipunguze kabla ya kuondoka, wala asingoje ishara afikapo Voi.

Suala la petroli linaingia hapa pia. Magari mengi ya turbo tuliyonayo yaliundwa kwa ajili ya soko la Japani na kuandikiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha JIS, yaani viwango vya Japani, haipungui oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka yenyewe). Ukilijaza gari petroli ya oktani ndogo zaidi, nafasi ya kukosea presha inapungua tangu mwanzo.

Ni nini hasa kinachovunjika

Hewa ikikandamizwa inapata joto, na joto hilo hupanda upesi kuliko watu wanavyofikiri. Chukua hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi usawa wa bahari, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: ukiikandamiza mara 2, inatoka ikiwa na nyuzi 125 hivi, ukiikandamiza mara 2.3, inakaribia 146, kabla haijafika kwenye intakula. Mchanganyiko wenye joto hilo na presha hiyo hauwezi kusubiri moto wa plagi uufikie taratibu. Sehemu yake iliyo pembeni hulipuka yenyewe, kwa mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi wetu wanaposema injini imenoki kwa kawaida wanamaanisha beringi za konrodi zimekwisha na injini inahitaji kufunguliwa. Mlipuko ninaoueleza hapa hutangulia, na ukiachwa unaweza kukufikisha huko.

Katika injini hizi kinachotangulia kuumia ni zile kingo nyembamba za pistoni zilizo kati ya ringi moja na nyingine. Kingo ikimeguka, ringi inakosa egemeo, moshi wa silinda unashuka kwenye sampu (chombo cha mafuta chini ya injini), na mafuta ya injini yanasukumwa kupitia paipu ya kupumulia hadi kwenye turbo na intakula. Gari bado linatembea, ndiyo maana wengi hawajui. Gasketi ya silinda hedi nayo inaweza kuachia, na kwa upande wa turbo, gurudumu linalozungushwa kupita mpaka wake hula beringi ya kuzuia shafti isisogee mbele na nyuma.

Kwa hiyo gari lililowahi kuzidisha presha, hata likishatengenezwa, lipimwe. Chomoa plagi zote nne na uzitazame kwa kioo cha kukuzia: vitone vidogo vinavyong'aa kama pilipili manga iliyopakwa fedha juu ya kauri ni alumini ya pistoni. Pima kompresheni injini ikiwa na joto na mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini. Namba kamili ya kila silinda haina uzito kama ulinganifu wake, na silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ipimwe tena kwa kuingizwa hewa ili ijulikane inavujia wapi. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia mafuta, inapita kwenye ringi. Mapovu yakitokea kwenye rejeta, ni gasketi. Mwisho toa paipu ya kuingizia hewa, shika ncha ya shafti ya turbo na uivute na kuisukuma: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini wa mbele na nyuma usihisike kwa vidole.

Neno kuhusu dizeli

Kwenye Prado na Hilux za dizeli zenye turbo ya mapanga yanayojigeuza, hakuna westigeti ya aina hii. Masizi huyagandisha mapanga yakiwa yamejifunga, presha inazidi mguu unapokanyagwa kwa nguvu, kompyuta inawasha taa ya injini na gari linabaki halina nguvu hadi lizimwe na kuwashwa upya. Safari fupi fupi za mjini huongeza ugandaji huo. Kusafisha husaidia iwapo mapanga hayajaliwa. Yakiwa yameliwa, tatizo hurudi.

Baada ya kurekebisha

Rudisha kila kitu, chomeka solenoidi, futa misimbo, na ufanye jaribio la gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500, kwanza kwa nusu ya mafuta, kisha robo tatu, na mwisho hadi chini iwapo hatua mbili za kwanza zimekaa ndani ya kiwango. Rekodi presha, mizunguko na cheche inavyorudishwa nyuma, yaani kompyuta inavyoichelewesha. Liache gari lipoe, uguse tena kila klipu kwa mkono, kisha urudie jaribio usiku hewa ikiwa ya baridi, kwa sababu saa ile ndiyo itakayoonyesha kama ule mpandisho wa taratibu ulikuwepo tangu mwanzo nyuma ya mpira uliopasuka.